Samaki Wanaugua Kila Mara na Maji Yanaonekana Mazima? Angalia Taa, Saa za Chakula na Joto Kabla ya Kukimbilia Dawa

Swali linalonifikia sana kutoka kwa wafugaji wa huku Tanga, wenye matangi ya simenti Pongwe na Muheza, wenye mabwawa ya mwatiko, yule samaki wa bahari, nyuma ya mikoko, mpaka wale wa juu Lushoto, ni lilelile: samaki wana vidonda, anakufa mmoja leo wawili kesho, dawa nimeweka, wakatulia wiki, wamerudi palepale, sa nifanyeje? Na mimi kabla sijauliza umeweka dawa gani nauliza, dalili zinaonekana saa ngapi? Hapo wengi wanakaa kimya. Wanajua samaki anaumwa, hawajui anaumwa muda gani wa siku, na kwa ninavyoona hilo ndo la kwanza kulijua, maana mwili wa samaki unaenda na saa, na ile saa ikishavurugwa hata maji yawe masafi vipi utakuwa unafuga wagonjwa tu.

Basi huu mwongozo nimeupanga kwa dalili. Tafuta ya kwako, soma sababu, afu badilisha kitu kimoja na ukiangalie siku kadhaa kabla hujagusa kingine, kwa sababu ukibadilisha vinne kwa mpigo hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu.

Kidogo kuhusu hiyo saa, usiruke hapa

Kinga ya samaki haikai kiwango kimoja mchana na usiku. Inaenda kwa zamu kama walinzi wa bandarini, wapo wanaoingia kazini alfajiri na wapo wanaoingia jua likizama. Ndani ya seli kuna jeni zinazojiwasha na kujizima kwa mzunguko wa karibu saa 24, utaratibu ambao Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young waliufafanua kwa nzi wakapewa Nobeli ya tiba mwaka 2017. Kwa samaki kuna la ziada. Zebrafishi, kale kasamaki ka mistari kanakotumika sana maabara, tangu mwaka 2000 ilionekana kwamba moyo wake na figo zake zikitolewa mwilini zikawekwa kwenye chombo, bado zinahisi mwanga zenyewe na kurekebisha saa yake. Na figo ya samaki sio ya kuchuja tu, sehemu yake ya mbele ndiko zinakotengenezwa chembe nyeupe za damu, askari wenyewe. Yaani mwanga unaopiga kwenye maji yako unaongea na kinga ya samaki karibu moja kwa moja.

Afu kichwani, juu ya ubongo, kuna tezi ndogo inayohisi mwanga, giza likiingia inamwaga homoni inayoitwa melatonini kwenye damu, mwanga ukija inakata. Seli za kinga zina vipokeaji vya hiyo melatonini, kwa hiyo usiku ukiingia zinapata habari. Kwa perege wa Nile, utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha vitu vya kinga kwenye damu vinapanda na kushuka ndani ya siku moja, na walipodungwa sumu ya bakteria majibu ya mwili hayakuwa sawa kati ya muda mmoja na mwingine. Mwaka uliofuata ikaonekana kwa vifaranga wa zebrafishi kwamba walioambukizwa bakteria wakati wa mwanga walipona zaidi kuliko walioambukizwa wakati wa giza. Mdudu yuleyule, samaki walewale, tofauti ni saa.

Saa hiyo inarekebishwa kila siku na vitu vya nje: mwanga na giza, joto la maji kupanda na kushuka, muda wa chakula, na kwa samaki wa bahari maji kujaa na kupwa. Huku kwetu urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa Tanga tofauti ya Desemba na Juni ni kama nusu saa na kidogo tu, kwa hiyo vinavyoyumba zaidi ni joto, mvua, tope, na upepo wa kusi au kaskazi. Na siku hizi taa zetu wenyewe, hizi naziongelea kwa kirefu huko chini kwa sababu ndo zinanisumbua kuliko vyote.

Dalili: alfajiri wanapanda juu kuhema, saa 3 asubuhi utadhani hakuna kilichotokea

Hii wengi wanaikosa kwa sababu wanafika bwawani saa 3. Nenda saa 11 alfajiri, jua halijatoka, usiwashe tochi kwanza, simama usikilize. Bwawa lenye shida utalisikia kabla hujaliona, ile sauti ya midomo juu ya maji, tpu tpu tpu, kuanzia pembeni mpaka katikati. Ukiwasha tochi wanazama sekunde chache wanarudi, na wakubwa ndo wanatangulia kuonyesha shida.

Chanzo ni oksijeni ya usiku. Mchana ule ukijani wa maji, yaani vimea vidogo vinavyoelea, unatengeneza oksijeni, usiku nao unavuta pamoja na samaki na uchafu wa chini, kwa hiyo kiwango kinashuka taratibu mpaka kinafika chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Maji ya nyuzijoto 30 yakijaa kabisa yanabeba kama miligramu 7.5 tu za oksijeni kwa lita, hatuna akiba kubwa kama watu wa nchi za baridi. Ikishuka chini ya miligramu 3 perege yuko kwenye shida hata kama hafi.

Sa kwa nini naliweka hili kwenye habari za kinga? Kwa sababu samaki anayekosa hewa kila alfajiri mwili wake unatoa kotisoli, homoni ya msongo, kila alfajiri, na kotisoli ikizidi inashusha kinga. Kidonda kitatokea siku kadhaa baadaye, mchana kweupe, wewe utatibu kidonda na usiku utaendelea kuwa uleule. Nimeona watu wanamaliza hela za dawa kwenye bwawa ambalo lilihitaji kupunguziwa samaki na kuacha kulishwa jioni sana. Chakula cha saa 1 usiku kinaongeza mahitaji ya oksijeni usiku huohuo, na kinachobaki chini kinaoza na kuvuta hewa ileile. Sogeza mlo wa mwisho uwe saa 9 au saa 10 alasiri, punguza samaki, na kama una pampu iwashe kuanzia saa 8 usiku mpaka jua litoke, sio mchana kwa ajili ya kupendeza.

Ila angalia hapa. Kama saa 6 mchana bado wanahema juu, hiyo sio oksijeni ya usiku. Fungua matamvua uone, yakiwa na utelezi mzito, yamepauka au yana madoa, ni ugonjwa wa matamvua au amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Na kama wanahangaika alasiri kwenye maji ya kijani kibichi sana, fikiria pH, kipimo cha uchachu wa maji. Mchana ukijani unaipandisha, na pH ndo inaamua amonia kiasi gani iwe sumu: kwenye nyuzijoto 30, pH ikiwa 7 haifiki asilimia 1, pH ikifika 9 inakuwa karibu asilimia 45. Ukipima asubuhi tu utaambiwa maji mazima. Pima mara mbili, alfajiri na saa 9 alasiri.

Dalili: tangi moja tu ndo linaumwa, mengine yote yako sawa

Maji ya bomba lilelile, chakula kilekile, vifaranga walioletwa siku moja, lakini tangi moja kila siku lina samaki wenye mapezi yaliyoliwa na vidonda vyekundu. Kabla hujafanya chochote inua macho, angalia juu. Kuna taa?

Tulikuwa kwa mama mmoja Pongwe, tangi la mwisho ukutani. Nikamsalimu shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, afu akaanza palepale, dawa nimenunua mpaka nimechoka, maji nabadilisha, hawa wa huku mwisho wana nini jamani? Nikamshika perege mmoja. Samaki mzima ukimshika anateleza, unahisi ule utelezi umemfunika wote, mkono unatoka unang'aa. Huyu ubavuni alikuwa anakwaruza, utelezi upo mgongoni lakini ubavuni umeisha, na kwenye shina la pezi la chini kuna mstari mwembamba mwekundu kama amechanjwa kwa wembe. Nikauliza, mama, ile taa ya sola inawaka saa ngapi? Akasema inajiwasha yenyewe magharibi, mjukuu aliifunga kwa ajili ya wezi, inazima ikichoka. Inachoka saa ngapi? Aah, kuna siku inafika asubuhi.

Basi hao samaki walikuwa hawana usiku. Na utelezi wa samaki sio uchafu, ndani yake kuna lisozaimu inayopasua kuta za bakteria, kuna kingamwili, kuna bakteria rafiki wanaokaa pale wakiwazuia wabaya, na hivi vyote navyo vina mpangilio wa siku. Utafiti wa samaki aina ya trauti uliotoka mwaka 2021 ulilinganisha waliopata mchana na usiku wa kawaida na waliowekwa kwenye mwanga saa 24, kama wanavyofanya mashamba mengine ili wakue haraka, na mpangilio wa jeni za kinga kwenye ngozi pamoja na wale bakteria wa juu ya ngozi ukabadilika. Na haihitaji taa kubwa. Kwa aina moja ya samaki wa maji baridi wa Ulaya, mwanga wa laksi 1 tu (laksi ni kipimo cha mwanga) usiku ulitosha kushusha melatonini. Mbalamwezi ya mwezi mpevu haifiki hata nusu ya hapo. Sasa ile taa ya sola iliyofungwa mita 2 juu ya maji, fikiria mwenyewe.

Namna ya kupima bila kifaa: saa 3 usiku simama kwenye tangi, nyoosha mkono juu ya maji. Ukiona kivuli cha mkono wako kwenye maji, taa hiyo ni nyingi. Geuza taa itazame njia au mlango, au funika upande mmoja wa tangi kwa turubai samaki wapate pa kujificha. Zile za kujiwasha mtu akipita sio mbaya kwa mlinzi ila zisielekee kwenye maji, zinawashtua, na ukikuta samaki amegonga ukuta pua imechubuka ujue ndo hizo. Ukishaondoa mwanga usitegemee kesho yake, vidonda vilivyopo vitachukua muda kupona, kitu cha kuangalia ni kama wapya wanaacha kuongezeka ndani ya wiki mbili hivi. Wakiendelea kuongezeka, taa haikuwa peke yake, endelea kusoma.

Na kuna anayeniambia samaki hajui usiku, yuko majini. Huyu silikanti wetu, yule samaki wa kale wa vilindini, ambaye hifadhi ya bahari ya hapa Tanga imepewa jina lake tangu 2009, anakaa vilindini huko mwanga hafifu kabisa, na bado mchana anajificha mapangoni usiku anatoka kutafuta chakula. Kama yule anaujua usiku, perege wa tangi la kina cha mita 1 anaujua pia.

Dalili: hawana ugonjwa mmoja wa kueleweka, wamepauka tu, chakula kinabaki, kila wiki kinatokea kitu kipya

Leo ukungu, kesho chawa, keshokutwa mmoja macho yametokeza. Hapa nauliza ratiba ya chakula, na jibu la kawaida ni "inategemea." Inategemea kijana amerudi saa ngapi, inategemea pumba imefika, leo saa 2 asubuhi, kesho saa 7, Jumapili hawali kabisa afu Jumatatu wanapewa mara mbili.

Chakula ni saa kama mwanga ulivyo saa. Samaki anayelishwa muda uleule anaanza kujiandaa kabla, utawaona wamejaa upande unaosimama wewe kabla hujafika. Utumbo unajiandaa, homoni zinajiandaa. Akilishwa ovyo anaishi kwa kushtukizwa, na kwa samaki wa bahari aina ya sibrimu ilipimwa ikaonekana wanaolishwa muda usiotabirika wana kotisoli juu kuliko wanaolishwa kwa ratiba. Ukitaka kuona nguvu ya chakula, kule Somalia kuna samaki kipofu wa mapangoni ambaye mwanga hauirekebishi tena saa yake, utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha, lakini mpe chakula kwa ratiba saa yake inafuata chakula. Mamilioni ya miaka gizani na bado ratiba ya kula imebaki.

Dawa ya hili haina gharama. Chagua saa mbili utakazoweza kuzishika hata ukiwa na msiba, mimi napendelea saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri kwa perege, na mtu akikosekana ni bora mlo urukwe kuliko kusogezwa saa 2 usiku. Sehemu ileile, ishara ileile, hata kama ni kugonga ndoo. Kiasi ni kile wanachomaliza ndani ya dakika kama 10 au 15. Afu ule muda wa kula ndo uwe muda wako wa uchunguzi, kwa sababu samaki asiyekuja kula wakati wenzake wamekuja ni mgonjwa wako wa kwanza, utamjua siku mbili kabla hajatoka kidonda.

Na hapa niseme kuhusu kuhesabu wagonjwa. Ukiangalia Jumatatu alfajiri na Alhamisi saa 8 mchana halafu ukasema dawa imefanya kazi, umelinganisha vitu viwili tofauti. Samaki wa alfajiri na wa mchana sio mmoja kwa rangi, kwa utelezi, wala kwa kuchangamka. Angalia saa ileile kila mara na uandike.

Kambare: wanang'atana, mikia imeliwa, ngozi ina mabaka

Kambare ni wa usiku. Wengi wanamfuga kama perege, tangi jeupe, jua la saa 7 linapiga mpaka chini, chakula mchana tu. Anakaa na msongo siku nzima, usiku anaamka na njaa anakuta hakuna chakula kuna mkia wa mwenzake, na ngozi yake haina magamba kwa hiyo jeraha dogo tu ni mlango. Tangi lifunikwe sehemu kubwa, mlo mkubwa uwe jioni jua likizama, vipande vya bomba au matofali ya kujifichia yawepo kwa wadogo, na uwapange kwa ukubwa. Kambare anavuta hewa juu kwa kawaida, kwa hiyo ile ya kuhema alfajiri kwake usiihesabu kama ya perege.

Mwatiko wa mabwawa ya bahari: shida inakuja kila baada ya wiki mbili hivi

Kama vifo vyako vina mpangilio huo, toa kalenda uangalie mwezi. Maji ya huku kwa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo, yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, yanajaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yanakupwa saa 4. Siku za bamvua unafungua lango maji mapya yanaingia, na yale ya saa 10 alfajiri yanaingia wakati mzuri kabisa, oksijeni ya bwawa ikiwa inaelekea chini. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, na baada ya wiki unafika maji mafu, bahari haifiki langoni kwako, bwawa linakaa siku kadhaa bila kubadilishwa maji. Jua la kaskazi linapiga, bwawa la kina kifupi linapita nyuzijoto 34 mchana, chumvi inapanda, usiku oksijeni inashuka.

Mwatiko ni mvumilivu sana, hafi siku hiyo. Anachoka. Vidonda vya ubavuni na magamba kunyanyuka vinaonekana siku chache baadaye, maji ya bamvua yakiwa yameshaanza kurudi, na mfugaji anasema maji mapya ya bahari ndo yameleta ugonjwa. Hapana, maji mapya yamekuta samaki ambao kinga ilishachoka wakati wa maji mafu. Jipange kabla: siku za mwisho za bamvua jaza bwawa mpaka juu, punguza chakula wakati wa maji mafu, na chimba mfereji wenye kina upande mmoja samaki wapate pa kukimbilia joto. Mwatiko anakula mchana, usimlishe usiku, na kuvua au kuhamisha kufanyike siku za bamvua sio za maji mafu.

Dalili zinazofuata msimu

Januari mpaka Machi, maji ya moto: perege wanaogelea kwa kuzunguka, macho yametokeza, wanakufa wakubwa walionenepa. Hapo fikiria streptokokasi, bakteria wanaopenda joto. Ratiba ya taa na chakula inasaidia mwili kupambana lakini huyu ukimwona muite mtaalamu wa mifugo, na usimwage antibayotiki kwa kukisia, utatengeneza mdudu sugu wa bwawa lako na la jirani.

Masika mvua ikipiga siku nyingi, maji yanakuwa kahawia, mchana ndani ya bwawa unafanana na magharibi, na joto halipandi wala kushuka kama kawaida. Ishara mbili kubwa za saa zinafifia kwa pamoja. Zebrafishi anaweza kuifuata tofauti ya joto ya nyuzi 4 tu kati ya mchana na usiku, sasa ikipotea hiyo na mwanga pia, kilichobaki mkononi mwako ni muda wa chakula. Kwa hiyo masika ndo wakati wa kushika ratiba kwa nguvu, hata kama wanakula kidogo, na kuzuia maji ya barabarani yasiingie bwawani.

Lushoto Juni na Julai ni habari nyingine. Maji yakishuka chini ya nyuzijoto 20 perege anapunguza kula sana, kinga inaenda polepole, na ule ukungu kama pamba unakaa kwenye kila mchubuko. Lisha mara moja tu, saa 8 mchana maji yakiwa yamepata joto, na usiwashike kabisa kama sio lazima. Utaona pia wagonjwa wanajikusanya kwenye kina kifupi penye jua. Usiwafukuze. Samaki hana homa ya mwili kama sisi, akiumwa anatafuta maji ya moto na joto hilo linasaidia kinga ifanye kazi. Ila hakikisha ni hilo na sio hewa: anayetafuta joto anatulia chini pale penye jua, anayetafuta hewa mdomo uko juu.

Walikuwa wazima, nimewahamisha, siku ya tatu wanakufa

Kushikwa tu kunapandisha kotisoli, na utelezi unaobaki kwenye wavu ndo kinga iliyobaki kwenye wavu. Muda mzuri ni kuanzia saa 1 na nusu mpaka saa 3 asubuhi, oksijeni imeanza kupanda na jua halijawa kali. Alfajiri kabisa hawana hewa, saa 8 mchana maji ni moto. Usiwalishe siku moja kabla. Mikono iwe mibichi, wavu usiwe na fundo kali.

Na kitu ambacho karibu hakuna anayeuliza akinunua vifaranga: kule walikotoka taa zilikuwa zinawaka saa ngapi na walikuwa wanalishwa saa ngapi? Kuna vituo vinawasha taa usiku kucha. Kifaranga anatoka kwenye mwanga wa saa 24 na milo mingi, anaingia bwawani Muheza kwenye giza totoro na milo miwili, saa yake inabidi ijipange upya siku hizohizo ambazo anazoea maji mapya na wadudu wapya. Fuata ratiba yao siku za mwanzo, afu sogeza kidogokidogo kwenye ya kwako, na kwa hizo siku usiwachanganye na wenyeji.

Vidoa vyeupe kwa samaki wa maji ya bahari

Wenye kufuga tasi au chewa kwenye matangi, mjue kwamba yule mdudu wa vidoa vyeupe vya baharini naye ana saa. Anamwachia samaki gizani, anashuka chini kujigawa, na watoto wake wanatoka kutafuta samaki gizani kuelekea alfajiri. Kwa hiyo samaki akionekana msafi mchana usishangilie, yuko chini ya tangi. Kinachofanya kazi ni kuwahamishia kwenye tangi safi na kavu kila siku ya tatu, mara kadhaa mfululizo, na lile la zamani likaushwe juani kabisa.

Ukishindwa, peleka sampuli, lakini ipeleke vizuri

Kuna magonjwa hayasikii ratiba wala giza. Msongamano, maji machafu, vifaranga wagonjwa toka walikotoka, haya yanaua hata samaki mwenye saa nzuri. Kama vifo vinaongezeka kila siku kwa siku tatu, mwone afisa uvuvi au daktari wa mifugo wa wilaya. Mpelekee samaki mgonjwa aliye hai, sio yule uliyemkuta anaelea asubuhi, huyo ameshaoza ndani na bakteria wa kuoza watamficha muuaji. Mfuko uwe na maji ya bwawa theluthi moja na hewa theluthi mbili, na chupa ya maji ya bwawa pembeni. Ikishindikana kumfikisha hai mweke kwenye barafu akiwa ndani ya nailoni, asigande. Kwenye karatasi andika saa uliyomtoa, saa aliyokula mara ya mwisho, joto la maji la alfajiri na la alasiri kama ulipima, taa inawaka mpaka saa ngapi, na kama ni wa bahari, bamvua au maji mafu.